UZI: Niliulizwa "umeoa?" nikasema hapana. Ilinichukua miaka saba na wakili mmoja kuwapata mke na watoto wangu

MtuWaMakere

Wakuu salaam. Nimesoma humu kimya kimya tangu nikiwa kambini kwa simu ya kuazima. Leo, Agosti 2025, naandika kwa sababu kila baada ya wiki mbili naona mtu anauliza, "wakili wa uhamiaji anasaidia nini, si anajaza fomu tu?" Jibu langu ni refu. Vuteni viti.

Mimi ni Mmbembe wa Fizi, Kongo. Wazazi walivuka Ziwa Tanganyika 1996, mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kule Kasulu, mimi nikiwa na miaka saba. Nimekulia kambini, nimesomea kambini, na 2011 nikaoa kambini. Ndoa ya kimila: wazee walikaa, mahari ikatoka, mchungaji akaombea, tukala. Karatasi hakuna. Mke wangu akabaki kwenye kadi ya mgao ya baba yake, mimi kwenye ya mama yangu. Kuhamisha jina kulikuwa na foleni yake, nasi tulikuwa vijana, hatukuona haraka.

Kesi ya kwenda Marekani ilikuwa kwa jina la mama. Ilipoanza kutembea yakaja yale maneno ambayo kila aliyepita kambini anayajua: "Usitaje mke. Ukimtaja kesi inarudi nyuma, mnaanza upya, na mama mwenyewe mgonjwa." Siku ya intavyuu afisa akauliza kupitia mkalimani: umeoa? Nikasema hapana. Una mtoto? Hapana. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Mama yake alikuwa nje chini ya mti amenishikia chupa ya maji.

Tulitua Louisville, Kentucky, Machi 2016. Mke niliyemwacha alikuwa na mimba ya miezi minne.

Mwaka wa kwanza nilifanya kazi ya kupakia makontena usiku. Kuna jamaa yetu pale kwenye apatimenti, Kiingereza chake kizuri, alikuwa anajazia watu fomu jikoni kwake. Dola 400 nikampa. Akaniambia kuna fomu inaitwa I-730, mkimbizi anaruhusiwa kumwita mke na watoto ambao hawajafika miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa, ila awe amepeleka ndani ya miaka miwili tangu afike. Hapo alisema kweli, na hata ada ya serikali fomu hiyo haina (hilo hakuniambia). Kisha akaanza ufundi wake. Kwa kuwa kwenye kesi nilisema sijaoa, akaona aandike kwamba nimeoa 2017, "ili visigongane". Na mtoto wa pili, aliyezaliwa Agosti 2016, akamwacha kabisa. Eti huyo kazaliwa wewe uko huku, hahusiki.

2019 nikapata barua: ombi limekataliwa. Siku hiyo nilikaa kwenye gari mpaka zamu ikaanza bila mimi.

Ngoja nimalizie zamu ya leo, narudi na sehemu ya wakili.

Pweza wa Kilwa

Natia nanga hapa. Ila mkuu nikwambie mapema, mimi mke wangu nilimfailia mwenyewe, I-130 (fomu ya kumwombea ndugu aje), wakili sikumwona hata kwa sura. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, picha za harusi, ada, kimya, barua, intavyuu, huyu hapa anapika maandazi. Mawakili wengi wanakula hela za watu tu.

MtuWaMakere

Pweza, uko sahihi na wala sibishi. Faili lako lilikuwa safi: raia, ndoa moja yenye cheti, hakuna aliyewahi kusema kitu tofauti mbele ya afisa. Faili la namna hiyo mtu mwenye subira anajaza mwenyewe. La kwangu lilikuwa limeshaoza.

Nikaenda shirika moja la msaada wa kisheria hapa mjini, wanahudumia wakimbizi bure. Wakili akiwa mama wa makamo, miwani shingoni kwa kamba. Nilitegemea atatoa fomu. Akaniuliza maswali saa mbili nzima, kisha akasema kwa miezi michache ijayo hatutapeleka kitu chochote popote. Kwanza tunaomba serikali itupe nakala ya faili langu lote, kila kilichoandikwa tangu kambini.

Nilikasirika. Nimekuja na moto mkononi, wewe unaniambia tusome?

Faili likaja, kurasa mia mbili na ushee. Akabandika karatasi kubwa ukutani, akachora mstari, akaanza kupanga tarehe tu. Tarehe ya mahari. Tarehe mtoto wa kwanza alipozaliwa. Tarehe ya intavyuu. Tarehe ndege ilipotua. Tarehe mtoto wa pili alipozaliwa. Tarehe ya ndoa ya uongo ya 2017. Kisha akageuka akaniambia, "Una uongo miwili kwenye faili moja, na wa pili si hata wako."

Hapo ndipo nilipojua yule jamaa wa jikoni alinifanya nini. Ile I-730 inataka ndoa iwe ilikuwepo *kabla* hujaingia Marekani. Kuandika 2017 ni sawa na kujikatalia mwenyewe. Ombi lingekufa hata kama afisa angekuwa mjomba wangu. Na yule mtoto wa pili sheria inamjua: aliyekuwa tumboni baba alipoingia anahesabiwa. Kaachwa bure.

Nikauliza, si tupeleke I-730 nyingine tuseme ukweli? Akasema miaka miwili imeshapita 2018, na ingawa wanaweza kukusamehe kuchelewa kwa sababu za kibinadamu, hataki kuweka watoto wawili juu ya neno "wanaweza". Akachagua njia ndefu. Naiandika kwa kirefu, maana humu wengi mnaonewa na neno "njia fupi".

Kwanza Green Card, kadi ya ukaazi wa kudumu. Sikuwa nimeomba, kwa woga. Mkimbizi anatakiwa kuomba akitimiza mwaka mmoja, na halipi ada. Akaniandikia maelezo ya kiapo kurasa sita: nilioa lini, kwa nini nilisema sijaoa, nani alinishauri, ile tarehe ya 2017 ilitoka wapi. Mama yangu naye akatoa kiapo. Pamoja na hayo akaweka fomu I-602, ambayo mkimbizi anaomba nayo kusamehewa kasoro kama hiyo. Nilimwambia mama, huyu anatupeleka jela. Yeye akasema, wakikuta wenyewe utakuwa mwongo, ukiwaambia wewe utakuwa mtu aliyeogopa.

2020 kadi ikatoka. Na hapa kuna kitu sikukijua: Green Card ya mkimbizi inarudishwa nyuma mpaka siku aliyoingia. Kadi imetoka 2020 lakini imeandikwa Machi 2016. Maana yake miaka mitano ya kuombea uraia ilikuwa inahesabika muda wote nilipokuwa nalia, na ombi linaruhusiwa kupelekwa siku 90 kabla haijatimia. Desemba 2020 tukapeleka ombi la uraia.

Pili, ndoa. Wakati tunangoja uraia, nikachukua hati ya kusafiria ya mkimbizi, Juni 2021 nikaenda Kasulu kufunga ndoa ya bomani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inatambua ndoa ya kimila hata isiposajiliwa, na wakili alilijua hilo, katafuta mwenyewe. Ila akasema afisa wa Marekani anapenda karatasi yenye mhuri, mpe karatasi yenye mhuri, na ile ya kimila tutaieleza kwenye barua, hatuifichi.

Nikiwa Kasulu baba yangu mdogo akafariki Baraka, ng'ambo ya ziwa. Ukipata boti unaona kwenu. Nikampigia wakili. Akasema Tanzania umeruhusiwa, Kongo ndiyo nchi uliyoikimbia, ukivuka unawapa sababu ya kuuliza kama kweli uliikimbia. Usivuke. Sikuvuka. Wadogo zangu wa kule mpaka leo hawajanielewa vizuri.

Tatu, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Niliporudi akafaili I-130 *tatu*: ya mke, ya mtoto wa kwanza, ya mtoto wa pili. Dola 535 kila moja wakati ule. Nikamwambia mbona rafiki yangu kafaili moja ya mke na watoto wamebebwa humo humo? Akasema mwenye Green Card ndiyo, watoto wanabebwa kwenye ombi la mama yao. Lakini siku ukila kiapo cha uraia, mke anahamia kundi lisilo na foleni, na kundi hilo halibebi watoto. Wangebaki kambini mama yao akipanda ndege, na wewe ungeanza upya kuwafailia.

Nilikula kiapo Januari 2022.

Kitunguu Maji

Mkuu, hesabu yangu inaniambia Juni 2021 kulitokea kitu kingine Kasulu zaidi ya ndoa ya bomani 😂

MtuWaMakere

Haha. Kitunguu, wewe ni hatari. Ndiyo. Binti alizaliwa Machi 2022, wiki saba baada ya mimi kula kiapo.

Nikaenda ofisini nimekunja dola 535 nyingine. Wakili akarudi kwenye ule ukuta wake akaanza kucheka peke yake. Baba ni raia siku mtoto anazaliwa, wazazi wameoana, na baba alikwisha kuishi Marekani miaka mitano na zaidi kabla ya kuzaliwa kwake. Huyu haombewi viza. Huyu ni Mmarekani tangu anatoka tumboni. Kinachotakiwa ni kuandikishwa ubalozini kama raia aliyezaliwa nje. Mtoto mmoja wa kambi ya Nyarugusu, mwenye pasipoti ya bluu, ndugu zake wakubwa hawana hata ya karatasi. Kiapo kingechelewa miezi miwili angekuwa kwenye foleni na wenzake.

Vipimo vya DNA tulivipitia wote. Maabara inatuma vifaa moja kwa moja, wewe huvigusi, mtoto anachukuliwa mate mbele ya mtu wao. Mtoto wa pili wale wajomba wa mtaani walikuwa na maneno, kwamba mimi nimeondoka Machi, yeye kazaliwa Agosti. Majibu yalipokuja nilimtumia kila mmoja wao picha ya karatasi. Sikuandika neno.

Kilichosumbua kupita viza ni kibali cha kutoka na hati ya kusafiria ya mke, maana mkimbizi hana pasipoti. Hiyo sitaki hata kuisimulia. Novemba 2023 walitua. Wale wakubwa wawili, kwa kuwa walikuwa chini ya miaka 18 na baba yao raia na wanaishi naye, walikuwa raia siku hiyohiyo waliyopitishwa pale uwanjani. Wa kwanza alikuwa na miaka kumi na moja. Alinipa mkono kama anavyompa mwalimu mkuu.

Pweza wa Kilwa

Nimesoma mpaka mwisho. Nimefuta ile komenti yangu kichwani. Sahani ya maandazi inakuja Kentucky.

Mama Neema

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Kaka wa Makere, Mungu akuwekee familia yako.

Naomba msaada. Niko Texas. Nina binti Lushoto kwa bibi yake, nilimwacha mdogo. Nina Green Card tangu Novemba 2020, niliingia kwa ndoa na raia, ndoa ikafa 2022. Mwaka huohuo nilimfailia binti I-130 mwenyewe. Imeidhinishwa lakini naambiwa ningoje foleni. Februari 2026 anatimiza 21. Mtu wa kanisani ananiambia akifika 21 mambo yameisha, atangoja miaka kumi. Silali.

Karani wa Faili

Dada Mama Neema, mimi nafanya kazi ofisi ya wakili wa uhamiaji. SIYO wakili, kwa hiyo haya uyapeleke kwa wakili, usiyapeleke kwenye fomu.

Hapa una milango miwili, na wote ni wa tarehe.

Mlango wa kwanza: uraia wako. Ndoa ingekuwa hai ungeweza kuomba kwa miaka mitatu, lakini imevunjika, kwa hiyo ni mitano, inatimia Novemba 2025. Siku 90 kabla ya hapo ni sasa, Agosti hii. Ukila kiapo kabla binti hajafika 21, umri wake unagandishwa siku hiyo ya kiapo. Anakuwa mtoto wa raia, foleni hana, hata akifika 22 akingoja intavyuu bado anahesabiwa mtoto.

Mlango wa pili: kama kiapo kitachelewa, kuna sheria ya 2002 ya kuwalinda watoto wanaozeeka kwenye foleni. Zamu yake ikifika, unachukua umri wake siku hiyo, unatoa siku zote ambazo ombi lako lilikaa kwao kabla ya kuidhinishwa. Likikaa miezi 14, unatoa miezi 14. Watu wengi wana watoto wa "miaka 22" ambao kwa hesabu hiyo wana 20. Ila zamu ikifika una mwaka mmoja tu wa kuchukua hatua, usilale tena.

Na jambo moja ambalo wakili yeyote atakuuliza kabla hata hujakaa: kuna mtu anamposa?

Mama Neema

Jamani umejuaje. Bibi yake ananiandalia "habari njema" tangu Pasaka. Kijana wa Korogwe, ana duka.

Karani wa Faili

Mpigie bibi leo. Mwenye Green Card hana haki ya kumwita mtoto aliyeolewa, hakuna hilo kundi kabisa. Akiolewa siku moja kabla hujala kiapo, ombi lako la 2022 linakufa, na halifufuki hata akiachika wiki ijayo. Kijana wa Korogwe angoje. Kama anampenda atangoja.

Kitunguu Maji

Kijana wa Korogwe popote ulipo, pole sana 😂

Buja Mtaani

Amahoro. Mimi Mrundi niko Maine, mke yuko Bujumbura. Green Card yangu ya mwisho wa 2020, nilimfailia mke kama mwenye Green Card. Juni hii limetoka tangazo la rais wa Marekani la kuzuia watu wa nchi fulani kuingia, Burundi tumo kwenye lile kundi la kufungiwa nusu. Ubalozini wanasema viza za uhamiaji zimesimama. Nifanye nini, nikae tu?

Karani wa Faili

Buja, tangazo lilianza kutumika tarehe 9 Juni 2025. Lisome mpaka kwenye misamaha. Kwenye tangazo hilo la Juni 2025, mke, mtoto chini ya miaka 21 na mzazi wa *raia* walitolewa, mradi uhusiano uthibitike, na DNA wameitaja humo kwa jina. Mke wa mwenye Green Card hakutolewa. Kwa hiyo tatizo lako la leo liko kwenye hadhi yako kabla halijafika kwenye pasipoti ya mkeo. Na wewe pia, kama Mama Neema, dirisha la siku 90 limefunguka au linafunguka. Wakili aangalie tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, asiangalie kumbukumbu yako. Matangazo haya hubadilika kwa kalamu moja, ndiyo maana ofisi yetu tunasema peleka leo.

Ras Dallas

Sasa wazee. Mkenya hapa. Niliingia na viza ya matembezi, ikaisha 2019, nikabaki. Nimeoa Mmarekani mwaka jana, bado hatujapeleka kitu. Mama yangu amelala juzi kule Nyeri, mazishi ni Ijumaa. Kila mtu kwa familia ananiuliza mbona sijakata tiketi, mimi ndiye kifungua mimba. Naweza enda nirudi na makaratasi ya bibi yangu?

Karani wa Faili

Pole sana kaka. Mungu amlaze mama pema.

Nakuandikia bila kuzunguka kwa sababu muda ni mfupi. Usipande ndege kabla hujaongea na wakili, hata kwa simu, hata usiku huu. Ukiwa ndani, uliyeingia kwa viza halali na umeoa raia, kule kupitiliza muda kunaweza kusamehewa na ukapewa Green Card hapa hapa. Ukitoka baada ya kukaa zaidi ya mwaka mmoja bila hadhi, sheria ya 1996 inakufungia miaka kumi nje. Mlango unafungwa na kule *kutoka*. Kuna ombi la kusamehewa, lakini inabidi kuonyesha mkeo atapata mateso makubwa kupita kawaida, na mtangoja mkiwa mabara mawili.

(Ungekuwa uliingia kwa viza ya mwanafunzi hesabu ya siku za kukaa bila hadhi ni nyingine kabisa, ndiyo maana nasema wakili aone karatasi ya kuingilia, asisikie hadithi.)

Na siku hizi hata kwenye intavyuu usiende peke yako. Nenda na wakili.

Ras Dallas

Nimesoma. Asante. Sijui nitamwambia nini mzee wangu.

MtuWaMakere

Ras, kaka, mimi nilisimama Kigoma nikaangalia milima ya Kongo siku wanamzika baba mdogo. Mwambie mzee akuwekee simu karibu na kaburi, usiku wako uwe mchana wao. Sikwambii itatosha.

Jicho la Tatu

Naomba kuchokoza. Huyu karani na huyu wakili wa Kentucky ni wazuri, sawa. Lakini mawakili wa uhamiaji wanaishi kwa sababu sheria ni mbovu. Sheria ikiwa rahisi hawali. Kwa nini tuwashangilie?

Karani wa Faili

Mimi siwashangilii, nawabebea mafaili. Lakini kumbuka 2018. Serikali ya Marekani iliwatenga watoto zaidi ya 2,800 na wazazi wao mpakani, na hakukuwa na daftari moja linalosema mtoto huyu ni wa mzazi yule. Wazazi wengine walirudishwa kwao watoto wakabaki huku. Mawakili wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, ndio walioipeleka serikali mahakamani San Diego, na Juni 26 Jaji Dana Sabraw akaamuru watoto wa chini ya miaka mitano warudishwe ndani ya siku 14 na wengine ndani ya siku 30. Baada ya amri kazi ikawa kutafuta watu. Mawakili wa kule Guatemala na Honduras walipanda milima kwa basi na pikipiki, wanaingia kijijini na jina na anwani nusu, wanauliza dukani. Oktoba 2020 bado kulikuwa na watoto 545 ambao wazazi wao hawajapatikana. Sheria mbovu au nzuri, hapo ungemtaka nani mwingine?

Jicho la Tatu

Nimekuelewa kiasi. Kiasi.

Mgao Day

Mimi niko Nyarugusu bado. Kaka yangu yuko Iowa, alipeleka I-730 ya mke wake kabla miaka miwili haijaisha, ikaidhinishwa. Tangu Januari kimya. Wengine wameuza mpaka masufuria wakijua wanaondoka. Kaka wa Makere, wakili wako anasemaje kuhusu sisi?

MtuWaMakere

Mdogo wangu, nilimuuliza. Amri ya rais ya Januari 20, 2025 ilisimamisha mpango mzima wa wakimbizi, na hata hizo I-730 za waliokuja kama wakimbizi zikanasa humo. Februari mawakili wakafungua kesi Seattle, na mlalamikaji wa kwanza kabisa ni Mkongo mwenzetu aliyekuwa Nairobi, tiketi mkononi, vyombo ameshauza. Jaji wa kule akaizuia amri, mahakama ya rufaa ikapunguza sehemu kubwa ya zuio hilo mwezi Machi. Mpaka Agosti hii ya 2025 kesi inaendelea. Alichonishauri nikwambie: shemeji asibadilishe hadhi yoyote, asihame kambi bila taarifa, mtoto akizaliwa aandikwe wiki hiyohiyo, na kaka yako aombe uraia siku ya kwanza inaporuhusiwa, kisha amfailie mke njia ya pili bila kuiacha ya kwanza.

Sokoni Kariakoo

Swali dogo. Nilishinda DV, ile bahati nasibu ya Green Card, kwenye ile kujaza mwanzo sikumwandika mtoto wangu wa nje kwa sababu mke hakujua. Sasa nataka kumwongeza.

Karani wa Faili

Kaka, DV inataka kila mtoto wa chini ya miaka 21 asiyeoa aandikwe kwenye ule mchezo wa kwanza kabisa, hata usiyeishi naye. Kumwacha kunaua kesi yote, si ya mtoto peke yake. Nenda kwa wakili kabla ya intavyuu, na ukapitie kwa mkeo kwanza. Sina maneno mazuri zaidi.

Pweza wa Kilwa

Watu wanampata vipi wakili wa kweli? Maana wale wa jikoni nao wanajiita "immigration".

MtuWaMakere

Mimi nilijifunza kwa dola 400. Wakili ana leseni ya jimbo, jina lake unalitafuta kwenye tovuti ya chama cha mawakili wa jimbo, dakika mbili. Kwenye mashirika kuna pia wasio mawakili lakini wameidhinishwa na Wizara ya Sheria, hao nao halali na mara nyingi bure. Atakayekutetea kweli anasaini fomu G-28 jina lake liingie kwenye faili lako. Kishoka hasaini popote. Yule wa kwangu alinijazia kila kitu na mwisho akaniambia pale chini pa "aliyeandaa fomu" niache wazi. Nikaona ni unyenyekevu.

Na usitegemee utapewa wakili na serikali. Kwenye mambo ya uhamiaji hawakupi. Mjitafutie.

Mama Neema

Nimerudi baada ya siku nne. Nimepata mwakilishi aliyeidhinishwa kwenye shirika moja la kanisa, mkaka mdogo, mpole. Ombi la uraia limeenda jana. Bibi amekubali kwa shingo upande, kijana wa Korogwe ameambiwa binti "anasoma kwanza".

Sasa kimetokea kingine. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Februari 2005. Cheti cha ubatizo kinasema 2004. Mkaka amenyamaza kama dakika nzima, kisha akauliza ile 2005 niliiandika pia kwenye fomu zangu za mwanzo nilipokuja. Nimesema ndiyo. Akauliza kuna karatasi gani iliyoandikwa wiki ile ile aliyozaliwa.

Karani wa Faili

Kadi ya kliniki! Ile ya mtoto, ya chanjo. Iko wapi?

Mama Neema

Kwenye sanduku la bati la bibi. Nimempigia saa kumi alfajiri ya huku. Amefungua nikiwa kwenye simu, namsikia anatoa khanga moja moja. Ameikuta. Anasema panya wamekula kona ya chini lakini tarehe inasomeka, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nimemwambia asinisomee, aipige picha anitumie.

Naisubiri.

Kitunguu Maji

Dada?

Mama Neema

2005.